Tangazo la Mtu Mmoja

Ukuta wa duka la mama, Barabara ya 12 Ngamiani, Tanga, umepakwa rangi na kampuni nne tangu nipate akili. Kwanza ilikuja soda, ikafuata sabuni ya unga, kisha kampuni mbili za simu, ya pili ikiifuta ya kwanza kama mtu anayepiga deki. Mafundi walikuja na ngazi, wakaandika kwa mkono, na malipo ya mama yalikuwa ukuta kupata rangi mpya bure. Mtaa mzima ulikuwa na la kusema. Wazee wa kahawa walimwambia fundi herufi imepinda. Na mwanamke mmoja aliposimama mbele ya duka akasema sabuni ile inababua mikono, kila aliyekuwa karibu alisikia, na siku hiyo mama hakuuza hata pakiti moja.

Hata matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme yalikuwa hivyo. Mali iliyopotea, mume aliyehama, nguvu za kiume, na namba ya simu chini. Tulikuwa tukiyasoma kwa sauti tukitoka shule, tukicheka. Labda wapo waliorudi usiku kunakili namba, lakini walijua mtaa umeshacheka.

Mama ana kisukari. Mwaka jana nilipokwenda kumwona nilikuta vidonge vyake vya metformin vimejaa kopo, havijapungua. Juu ya friji kulikuwa na chupa tatu za maji ya kahawia yenye nembo ya jani. Alizinunua kwa simu, kila moja shilingi 45,000, akaletewa na kijana wa bodaboda. Tangazo lilikuwa na mzee wa umri wake, kanzu nyeupe, akisema kwa Kiswahili cha pwani kabisa kwamba ameacha vidonge na sukari imekaa sawa. Tulipopima, kipimo kilisoma 19.

Niliwauliza majirani kama wamewahi kuliona tangazo hilo. Hakuna. Jirani wa ukuta mmoja, ambaye hushinda na simu mkononi kuliko mama, yeye huletewa viwanja na wigi.

Google ilipoanza kuuza matangazo kando ya majibu ya utafutaji mwaka 2000, kilichouzwa kilikuwa neno: ukitafuta viatu, unaonyeshwa viatu. Siku hizi anayenadiwa ni msomaji mwenyewe. Ukurasa haujamaliza kufunguka, mashine zimeshapandiana bei: mwanamke, zaidi ya miaka 60, yuko Tanga, amekawia kwenye video ya daktari anayeeleza vidonda vya miguu. Aliyetoa dau zuri ndiye anayepewa jicho lake. Yote hayo kwa muda mfupi kuliko kupepesa kope.

Sitaki kuilaani mashine yote. Binamu yangu anauza mashuka ya kudarizi kwenye Instagram, na hakuna redio wala ukuta ambao angeumudu. Kwa pesa ya nauli ya kwenda Muheza na kurudi anawafikia maharusi wa Tanga asiowajua. Mashine hiyohiyo inamsaidia yeye na yule wa maji ya kahawia, wala haiulizi nani kati yao ana mashuka kweli.

Sheria ipo. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo inazungumzia ridhaa. Basi mama ameridhia. Alibonyeza kitufe cha kukubali kwa sababu bila hicho picha za wajukuu hazifunguki.

Tulikaa barazani nikamfungulia ile sehemu inayoeleza kwa nini unaona tangazo fulani. Ilitaja umri, mahali, na kwamba anapenda mambo ya afya. Mama alivaa miwani, akasoma taratibu, akarudia.

"Nani kawaambia?"

"Simu, mama."

"Na mimi nimekaa hapa nadhani yule mzee anasema na watu wote."

Amerudi kwenye vidonge. Chupa moja iliyobaki alimpa mtu wa kliniki, aliyeiweka kwenye droo bila kusema neno. Siku hizi kila tangazo la dawa linapomjia hulisoma kwa sauti dukani, wanawake wanaopima mchele na mafuta wakasikia, wakalijadili, wakacheka. Muuzaji wa kiini cha mwarobaini alitoka kapa jioni moja bila kujua kisa.

Wiki iliyopita alinipigia kunisomea jipya. Lilikuwa la mafuta ya magoti. Alikuwa akicheka. Mimi nikamuuliza kama magoti yanamuuma, maana hajawahi kuniambia, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema yanamuuma tangu Ramadhani.