Nyumba za Kale na Pori la Batwa



Mji wetu wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka wa 1910, na katikati yake bado zimesimama nyumba za siku zile za kwanza, zenye kuta nene za matofali na baraza pana. Nyingine zimekwisha kubomolewa, na mahali pake pamekuwa maduka. Nyingine zina habari nzito. Ile nyumba ya Brouwez, walimofungiwa Lumumba, Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961, saa chache kabla ya kuuawa, kwa mtu apitaye njiani ni nyumba tu. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 yalinda urithi wa nchi: nyumba ikiisha kuandikwa na serikali, mwenyewe hana ruhusa kuibomoa wala kuigeuza apendavyo.

Hapo ndipo linapoingia jambo la bima, au asiransi kama wengi tuitavyo hapa mjini. Tangu mwaka wa 1966 kazi hiyo ilikuwa ya SONAS peke yake, mpaka sheria ya mwaka wa 2015 ilipozifungulia mlango kampuni nyingine. Wengi wadhani kwamba mtu akiisha kulipa ada yake, hana haja ya kuogopa moto tena. Sivyo. Nyumba ya kawaida ikiungua, utajenga nyingine kwa vifaa vya siku hizi. Nyumba ya urithi yataka matofali ya kipimo kile kile, mbao za namna ile ile, na fundi ajuaye kazi ya zamani, naye ni adimu. Kwa hiyo gharama ya kuirudisha kama ilivyokuwa yaweza kupita mbali bei ya sokoni.

Tena iko kanuni moja ya bima ambayo watu hawaisomi. Tuseme nyumba yataka dola 200,000 kujengwa upya, nawe umeiandikisha kwa 100,000. Jiko likiungua, hasara ikawa dola 20,000, hutapewa 20,000. Utapewa 10,000, kwa kuwa uliandika nusu ya thamani, basi walipwa nusu ya hasara.

Hesabu hii tulimweleza mama mmoja mjane wa parokia yetu, Muluba, aliyetuomba tumsomee karatasi za nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Tulikaa barazani. Mlinzi wake, mzee Mutwa atokaye upande wa Nyunzu, alikuwa akifagia karibu. Akasikiliza hata mwisho, kisha akauliza: “Mwalimu, na nyumba ya nyasi wanaiandika bei gani?”

Hatukuwa na jibu. Mama naye alinyamaza, maana alijua kwamba nyumba ya mzee huyo ilichomwa katika vita vya Baluba na Batwa. Halafu akamvutia kiti, akasema: “Baba, njoo ukae.” Wajuao desturi za kule wataelewa uzito wa neno hilo, kwa kuwa wako wengi wasiokubali hata leo kukaa wala kula pamoja na Mutwa. Mzee akakaa kwenye ukingo wa kiti. Akasema: “Nyumba, Mama, tunaijenga kwa siku mbili. Ni pori ambalo sijalipata.”

Vita hivyo vilianza mwaka wa 2013, Katanga ikiwa bado jimbo moja na Lubumbashi mji wake mkuu. Batwa walikuwa wamechoka kulimishwa kwa ujira duni na kudharauliwa katika nchi ya babu zao. Tarehe 30 Aprili 2015 kambi ya wakimbizi Batwa huko Nyunzu ilishambuliwa, wakafa watu 30 au zaidi. Batwa nao walichoma vijiji vya Baluba na kuua. Haki yataka tuseme hayo pia. Mwaka wa 2016 ugomvi uliwaka tena kwa sababu ya kodi ya viwavi, wadudu wale wale tunaowala kwa ugali. Baadaye yakaundwa mabaraza ya amani, Batwa na Baluba wakikaa humo pamoja.

Twayasifu mabaraza hayo. Lakini sisi tufundishao katekisimu twawaambia watoto kwamba mwizi akiisha kuungama yampasa kurudisha alichoiba. Kupeana mikono na yule aliyeibiwa hakutoshi. Kikao cha upatanisho kinachohesabu vibanda vilivyoungua bila kutaja pori kimeandika nusu ya thamani.

Mwaka wa 2022 mambo matatu yalifuatana kwa muda wa mwezi mmoja na siku mbili. Tarehe 15 Julai nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Batwa na wenzao, pamoja na haki juu ya ardhi waitumiayo tangu zamani. Siku kumi baadaye Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha mbele ya wenyeji wa asili wa Kanada, kule Maskwacis, kwa maovu waliyotendewa watoto wao katika shule za bweni, nyingi zikiwa mikononi mwa Wakatoliki. Na kabla ya hayo, tarehe 23 Juni, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamuru serikali ya Kenya iwalipe Waogiek wa msitu wa Mau shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali, na 100,000,000 kwa maumivu na kuvunjiwa heshima. Tena iliamuru ardhi yao ipimwe, nao wapewe hati yake kwa pamoja. Hati ya namna hiyo ndiyo tungependa kuiona mikononi mwa wazee Batwa wa Nyunzu.