Insha ya Hiari

Walimu wenzetu, wahenga walinena kwamba hiari yashinda utumwa. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na aghalabu twaitolea mifano ya kazi na ya ndoa. Leo twaomba kuitolea mfano wa mtihani, kwa kuwa yalitufika sisi wenyewe hapa Kigali mwaka 2018.

Binti mmoja tuliyemfundisha Kiswahili, akiwa mwaka wa sita wa sekondari, alifanya mwezi wa Mei mtihani wa SAT, ule utumiwao na vyuo vya Marekani katika kuchagua wanafunzi. Sehemu zake za lazima zilikuwa mbili, lugha na hesabu, na jumla yake ilikuwa kati ya alama 400 na 1600. Mwishoni palikuwa na insha ya dakika 50, ambayo tangu mwaka 2016 ilikuwa ya hiari na alama zake zilihesabiwa mbali. Wasahihishaji walikuwa wawili, kila mmoja akitoa alama 1 hadi 4 kwa mambo matatu: ufahamu, uchambuzi na uandishi. Binti yetu alipata 6 za ufahamu, 6 za uandishi, na 4 tu za uchambuzi.

Jioni moja alitujia nyumbani Nyamirambo, nakala ya insha yake mkononi. Baada ya maamkizi akauliza, "Mwalimu, nirudie au nisirudie?"

Tuliisoma insha ile mara mbili. Ilianza kwa methali yetu iliyofasiriwa kwa Kiingereza. Ikafuata muhtasari mzuri wa makala aliyopewa, kisha hoja zake mwenyewe kwa ufasaha, na mwisho wosia kwa vijana. Lilikuwa umbo lile lile tulilomfundisha miaka mitatu. Ila swali halikutaka maoni yake. Lilimtaka aeleze jinsi mwandishi wa makala alivyowavuta wasomaji wake: ameleta ushahidi gani, hoja amezifuatanisha vipi, maneno gani ameyateua na kwa nini. Yeye alibishana na mwandishi badala ya kumchungua.

"Rudia, mwanangu," tulimwambia bila kusita.

Hapa hatuna budi kuungama. Neno lile halikutokana na busara. Lilitokana na fahari iliyojeruhiwa. Zile alama 4 tuliziona kuwa zetu. Tulitaka binti arudi chumbani mwa mtihani akatusafishie jina.

Naye alikaa kimya, kisha akatueleza mambo ambayo ilitupasa kuyauliza kwanza. Insha haikuweza kurudiwa peke yake. Arudiaye alifanya mtihani wote upya na kulipa upya, kwa dola, pamoja na nyongeza ya watahiniwa wa nchi za nje. Mama yake ni mshonaji, na ada ya kwanza ilikuwa imetoka katika akiba ya karo ya mdogo wake. Tena nafasi iliyomfaa ilikuwa Oktoba, ilhali mtihani wa taifa ulimngoja Novemba. Alipokwisha kueleza akauliza kwa adabu, "Sasa Mwalimu, nikirudia, nitakuwa narudia kwa ajili ya nani?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba orodha ya vyuo vyake, tukaketi kuipitia kimoja kimoja. Mwaka ule ule vyuo vikubwa vilikuwa vikiiacha insha hiyo: Harvard ilitangaza mwezi wa Machi kwamba haitaidai tena, na Yale ikafuata Juni. Katika vyuo vitano vya binti yetu, kimoja tu kilikuwa kikiidai, nacho kilitaka iwe imefanywa. Naye alikwisha kuifanya. Alikunja karatasi yake akasema, "Basi sirudii." Tuliafiki, ingawa kwa shingo upande.

Lakini kabla hajaondoka alitaka kujua namna ya kuchambua. Tulichukua gazeti lililokuwa mezani, tukatafuta makala ya maoni, tukaanza pamoja. Kwa nini mwandishi ameanza na kisa cha mkulima, wala si takwimu? Kwa nini amesema "sisi" katika aya ya pili, na "wao" katika ya nne? Saa moja ikapita. Twakiri kwamba mara mbili yeye ndiye aliyeona jambo ambalo sisi hatukuliona.

Hakwenda Marekani. Vyuo vitatu vilimkataa, na viwili vilivyomkubali havikumpa msaada wa kutosha. Alifaulu vizuri mtihani wa taifa, akaingia Chuo Kikuu cha Rwanda. Kuna usiku tulipojiuliza kama alama 6 mahali pa 4 zingaliongeza kitu katika mizani. Hatukumficha wasiwasi huo. Alitujibu kwamba uamuzi ulikuwa wake na haujutii.

Januari mwaka 2021 alituletea habari kwamba College Board, shirika lenye mtihani ule, limetangaza kuiondoa insha, na kwamba baada ya Juni watahiniwa hawataiona tena isipokuwa katika baadhi ya majimbo ya Marekani. Hatukufurahi kama tulivyodhani tungefurahi. Insha ile ilitufunulia upungufu wetu. Twawafundisha watoto kusema wanayoyaamini, kwa methali na kwa tamathali, nayo ni kazi njema. Ila mara chache twawafundisha kutazama jinsi wengine wanavyowaaminisha. Katika nchi hii, ambako redio ilipata kutumiwa mwaka 1994 kuwashawishi watu waue jirani zao, upungufu huo si mdogo.

Tangu hapo, kila muhula twaweka hotuba moja mbele ya darasa, nasi hatuulizi, "Je, mwakubali?" Twauliza, "Amewavutaje?" Mara ya kwanza darasa lilinyamaza kwa muda mrefu. Tukanyamaza nalo, tukingoja.