Moduli zangu zinaishi ndani ya SQLite

Leo tuongee kuhusu Python, na jinsi ya kuiambia itafute moduli pale tunapotaka sisi.

Nina wateja wachache hapa Suneka, wenye maduka ya agroveti kando ya barabara ya kwenda Migori. Programu yangu huwatunzia hesabu ya bidhaa na madeni ya wakulima. Mabadiliko nawapelekea kwa flashi. Shida ni stima. Ikipotea katikati ya kunakili mafaili, mteja anabaki na moduli mpya ya mauzo na ya zamani ya madeni. Hapo mkulima anaweza kudaiwa pesa alizokwisha kulipa, na ujirani ukavunjika.

Sasa, ukiandika import madeni, Python huangalia kwanza sys.modules kama moduli hiyo imeshapakiwa. Isipoiona, huwauliza watafutaji walio kwenye sys.meta_path, mmoja baada ya mwingine. Mlango huu ulifunguliwa na PEP 302 katika Python 2.3, mwaka 2003. Mtafutaji wako ni klasi ya kawaida yenye find_spec. Akiijua moduli, anarudisha maelezo yake pamoja na mpakiaji. Asipoijua, anarudisha None na anayefuata anaulizwa. Mpakiaji naye ana create_module na exec_module. Basi!

Mimi nimeweka moduli zote kwenye faili moja la SQLite: safu ya jina, safu ya msimbo. Kila sasisho ni muamala mmoja. Stima ikikatika, SQLite hurudi ilivyokuwa. Mteja ana toleo la zamani zima au jipya zima, hakuna nusunusu.

Tahadhari mbili. Kwanza, mafunzo mengi ya zamani hutumia find_module, ambayo iliondolewa kabisa katika Python 3.12 mwaka 2023. Pili, exec_module huendesha chochote kinacholetwa, na flashi hupita mikono mingi. Kwa hiyo kila moduli yangu ina saini ya HMAC, na mpakiaji huikagua kabla ya kuendesha hata mstari mmoja. Saini isipolingana, programu inakataa kuanza.

Kama hutaki kazi yote hiyo, weka moduli zako kwenye faili la zip kisha uliongeze kwenye sys.path. Python inalisoma bila msaada tangu 2.3, ila moduli zilizoandikwa kwa C hazipakiki humo.

Haya, kazi kwenu.