Kiti cha Sentimita 45

Mwishoni mwa fomu ya kuombea chumba kulikuwa na kisanduku kitupu: je, mgeni ana ombi lolote maalumu? Kisanduku hicho kilinikalisha siku mbili.

Nilikuwa Osaka kwa mafunzo ya waandishi wa habari, mwishoni mwa Novemba, na tulikuwa tumepewa siku tatu za mapumziko. Wenzangu walikwenda Tokyo kununua kamera. Mimi nilijua ninakokwenda hata kabla sijapanda ndege Dar es Salaam: Kinosaki, mji mdogo wa chemchemi za maji moto upande wa kaskazini wa mkoa wa Hyogo, mwendo wa karibu saa tatu kwa treni. Na sababu yenyewe ilikuwa hadithi fupi. Najua wasomaji wa humu mtanielewa, maana ofisini kwetu hakuna aliyenielewa.

Agosti 1913, mwandishi Shiga Naoya alikuwa akitembea na rafiki yake Tokyo akagongwa na treni. Hakufa. Oktoba akaenda Kinosaki kuuguza majeraha, akakaa kama wiki tatu, na mwaka 1917 akachapisha hadithi kuhusu siku hizo. Ukimsimulia mtu atakuuliza, sasa hadithi iko wapi? Mtu anatazama nyuki aliyekufa juu ya paa. Anaona panya aliyechomwa kijiti shingoni akihangaika mtoni huku watu wakimrushia mawe. Mwishoni yeye mwenyewe anarusha jiwe kumtisha mjusi wa majini, na kwa bahati mbaya anamuua. Basi. Lakini aliyewahi kuponea chupuchupu anajua kwa nini mtu anaweza kukaa dirishani mchana kutwa akimtazama nyuki.

Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza nikiwa nimelala kwa mama, Tanga, vyuma na skrubu vikiwa kwenye paja. Bodaboda niliyopanda ilikuwa imegongwa na gari dogo. Dereva wangu alichubuka kiwiko tu. Mimi mfupa ulivunjika juu kidogo ya goti. Hiyo ni miaka mitatu iliyopita. Natembea, nachechemea kidogo jioni, na goti la kulia haliwezi kukunjika kupita pale linapokunjika mtu akiwa ameketi kwenye kiti. Kupiga magoti siwezi. Kukaa chini naweza, ila kuinuka ni shughuli ya watu wawili.

Sasa fikiria nyumba ya wageni ya Kijapani, ryokan. Unavua viatu mlangoni na kupanda kizingiti. Chumba chote ni mikeka, ile wanayoiita tatami. Meza ni fupi, unakaa sakafuni. Chakula kinaletwa hapo, vibakuli kumi na kitu, na anayekihudumia anapiga magoti. Usiku meza inasogezwa na godoro linatandikwa palepale chini. Kila kitu kinachozifanya nyumba hizo zipendwe kimejengwa kwa ajili ya magoti yanayokunjika.

Nilikuwa na majina kwenye daftari. La kwanza lilikuwa nyumba ileile aliyolala Shiga. Ipo mpaka leo, ingawa mji uliangushwa na kuungua katika tetemeko la ardhi la 1925 na nyumba ikajengwa upya. Ningependa kuwaambia niliwaandikia wakanijibu hivi au vile. Sikuwaandikia. Niliogopa kujibiwa kwa upole kwamba haitawezekana, halafu niibebe hadithi yangu niliyoipenda pamoja na jibu hilo maisha yangu yote.

La pili lilikuwa hoteli kubwa yenye lifti na vitanda, na pia mabafu ya maji ya chemchemi ndani ya vyumba. Ingekuwa rahisi mno. Nilikaribia kubofya. Lakini picha zake zilifanana na hoteli yoyote ya semina niliyowahi kulala Dodoma, na nikajiuliza kama nimevuka bahari kwa ajili ya zulia lile.

Mengine yalijichuja yenyewe. Bei za ryokan huhesabiwa kwa kichwa, pamoja na chakula cha jioni na kifungua kinywa, na zipo nyumba ambazo hazimpendi mgeni wa peke yake. Halafu Novemba ndiyo mwanzo wa msimu wa kaa, na kaa akiingia kwenye sahani bei inapaa. Mtoto wa Tanga silipi mshahara wa mwezi kwa ajili ya kaa.

Ikabaki nyumba moja ndogo, vyumba vichache, ghorofa mbili, karibu na mto. Ilikuwa na bafu la kufunga kwa ndani, unaloandikisha saa yako ukaingia peke yako. Hilo lilikuwa muhimu. Kinosaki ina mabafu saba ya umma, na mgeni wa ryokan hupewa pasi ya kuyazunguka yote, akiwa amevaa yukata, lile joho jepesi la pamba, na viatu vya mbao ambavyo bibi yangu angeviona angeviita mitalawanda bila kusita. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, na ndani hakuna kuvaa chochote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Eti mdogo wako ananiambia unakwenda kuoga uchi na watu?"

"Kuna bafu la kufunga kwa ndani, mama. Ni kwa ajili ya dini."

"Alhamdulillahi. Sitara ni jambo kubwa."

Nilimwambia mama ni dini, na si uongo. Lakini miaka ya chuo nilioga na wasichana wenzangu kwenye mabafu yasiyo na milango, tukipigiana kelele za sabuni, na wala sikufikiria dini. Ni kovu. Linaanzia juu ya paja, linapita pembeni ya goti na kushuka mpaka kwenye muundi, na tangu siku ya kutolewa nyuzi nimelionyesha kwa mama na daktari tu.

Siku ya pili usiku nikakijaza kile kisanduku. Niliandika kwamba sili nguruwe wala kitu chenye pombe, na hapo mkono ukaenda haraka, nimezoea. Halafu nikaandika kwamba goti langu la kulia halikunjiki. Nilifuta. Nikaandika tena.

Jibu lilikuja asubuhi, Kiingereza cha mashine ya kutafsiri. Kuhusu chakula walisema samaki na mboga, na sosi watatengeneza ya kwao. Kuhusu goti hawakusema pole. Waliuliza swali moja: kiti kiwe na kimo cha sentimita ngapi?

Nilikwenda kuazima rula kwa mlinzi wa hosteli. Nikapima kiti cha chumbani, ambacho nilikuwa nakikalia vizuri: 45. Miaka mitatu najihisi mzigo kwenye kila daladala, kila msiba wa kukaa mkekani, kila harusi, na kumbe shida yangu yote ina namba, na namba yenyewe inaenea kwenye rula ya nusu mita.

Nilifika saa tisa alasiri. Mlangoni, kwenye kizingiti, walikuwa wameweka kigoda cha kuvulia viatu. Chumbani kulikuwa na kiti cha mbao na meza ya kimo chake, na miguu ya kiti imevishwa vitambaa isikwaruze mikeka. Mama mwenye nyumba aliingia na chai, akapiga magoti, akakalia visigino vyake, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Wajapani wanakiita kikao hicho seiza. Mimi nilikiona nikaduwaa, kwa sababu hakitofautiani sana na kikao cha tahiyatu. Tangu ajali nimekuwa nikiswali kwenye kiti. Hakuna aliyewahi kunilaumu, ruhusa ipo wazi, lakini jamani, nilimwonea wivu yule mama kiasi kwamba chai ilipoa.

Jioni nikaswali magharibi kwenye kiti chao.

Saa yangu ya bafu ilikuwa saa mbili usiku. Nilitegemea harufu ya mayai viza, ile ya maji ya salfa ya Galanos kule Amboni tuliyoizibia pua tulipopelekwa na shule. Haikuwepo. Maji ya Kinosaki yana chumvi. Yakigusa mdomo unafikiri ni bahari iliyochemshwa. Goti lilikaa kwenye joto lile likatulia. Lakini dirishani nilisikia mitalawanda ikipita kwenye daraja la mawe, ko, ko, ko, na wanawake wanacheka wakitoka bafu moja kwenda jingine. Mlango nilikuwa nimeufunga mwenyewe.

Asubuhi nilitembea hadi Kono-yu, bafu lililo mbali zaidi na stesheni. Wanasema lilianza kwa korongo aliyeonekana akiloweka mguu wake uliojeruhiwa mpaka ukapona. Korongo wa kweli wa eneo hilo walikwisha. Wa mwisho wa porini nchini Japani alikufa hukohuko Toyooka mwaka 1971, na mwaka 2005 wakaanza kuwarudisha waliozaliwa kwenye vizimba. Nilisimama langoni na pasi mkononi. Sikuingia. Sikuingia hata moja kati ya yale saba, na sitaki kuwapamba hapa.

Ila karibu na kituo cha kebo ya kupandia mlimani kuna chanzo cha maji, watu wanachemsha mayai ndani ya wavu, na pembeni kuna kibwawa cha kuloweka miguu, cha wote. Nikakaa. Nikapandisha yukata, na vazi lile la joto la ndani, mpaka juu ya goti. (Mama asisome hapa.) Kushoto kwangu alikuwa bibi wa miaka themanini hivi, suruali ameikunja, anamenya yai. Kwenye magoti yake yote mawili kulikuwa na kovu lililonyooka kama zipu, juu hadi chini. Nilikodolea macho. Nilihesabu alama za nyuzi. Yeye alikuwa anatafuta chumvi.

Nilimpigia mama nikiwa stesheni, nasubiri treni ya Osaka.

"Walikutazama mguu?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyewatazama."

"Haya! Mtu mzima mzima, hukufunzwa adabu?" Akanyamaza kidogo. "Na huyo bibi, baada ya kushonwa magoti, anapiga magoti?"

Sikuwa nimemuuliza.