Jina Lililofichwa Mpinini

Katika kazi yangu ya kutambua silaha za kale hapa Arusha nimeshika msimamo mmoja: upanga wa Kijapani wa wakati wa vita hutambuliwa kwa msuka, ile sehemu iliyozama mpinini. Mpini na ala hubadilishwa. Njia ya upanga kama huo kufika huku inajulikana: batalioni za Tanganyika za King's African Rifles (KAR), ya 26 na ya 36, zilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopigana Burma mwaka 1944, kupitia Bonde la Kabaw hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Kwa hiyo familia ya Meru ikisema babu aliuleta kutoka Burma, sioni sababu ya kuibeza. Lakini habari hiyo inaeleza safari ya upanga tu, haimtaji aliyeufua.

Mhunzi wa sime wa huku hachongi jina. Twamjua kwa umbo la bapa. Mhunzi wa Kijapani alichonga jina upande mmoja wa msuka, na mara nyingi tarehe upande wa pili. Ukisoma mwaka wa enzi ya Showa, ongeza 1925: mwaka wa 18 ni 1943. Mhuri wa mji wa Seki au wa Showa huashiria, kwa kawaida, upanga usiofuliwa kwa njia ya jadi. Nyota ndogo iligongwa kwenye kazi za wahunzi walioidhinishwa na jeshi la nchi kavu. Upanga wa sajenti, wa muundo wa 1935, ni kazi ya kiwandani: bapa lina namba, na namba hiyo yapaswa kulingana na ya ala.

Wapo wanaopinga wakisema jina si ushahidi, kwa kuwa Seki kulikuwa na mafundi waliochonga majina ya wahunzi wengine. Ni kweli, na ndiyo maana silisomi jina peke yake. Nalipima na mhuri, mikwaruzo ya tupa na kutu. Vikipatana naandika jina la mhunzi, visipopatana naandika kwamba hajathibitishwa. Wengine hutaka msuka usuguliwe ili herufi zionekane. Hapo sikubali hata kidogo. Jina lililochongwa juzi huikata kutu na kuacha chuma king'aacho, na msasa hufuta tofauti hiyo milele. Mwanga wa tochi kutoka pembeni watosha kusoma.

Mwenye upanga kama huu nyumbani, usiusugue msuka wake. Piga picha pande zote mbili, kisha andika jina la babu na batalioni yake wakati wazee wanaokumbuka bado wapo.