Kwa Miguu kutoka Bisil hadi Olorgesailie

Mtu wa Bisil akikuona na mkoba mgongoni siku ya soko, swali lake ni moja: unanunua au unauza? Mji huu wa kando ya barabara ya Namanga, kusini mwa mji wa Kajiado, unaishi kwa mifugo. Ng'ombe na mbuzi hufika kwa miguu kutoka pande zote, wengine wakitokea ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kisha huondoka kwa malori kwenda vichinjioni Dagoretti, Kiserian na kwingineko. Ukisimama katikati ya zizi la mnada utasikia Kimaasai, Kiswahili, Kikamba na Kikuyu katika biashara ya fahali mmoja, na vumbi litakufuata hadi kwenye chai.

Kwa hiyo niliposema tunakwenda makumbusho ya Olorgesailie kwa miguu, mama aliyekuwa akinimiminia kikombe cha pili aliweka birika chini. "Olorgesailie ya barabara ya Magadi? Si upande matatu hadi Isinya, uchukue nyingine mpaka Kiserian, kisha ushuke?" Alikuwa na haki. Kwa gari ni safari ya mchana mmoja. Lakini mzee aliyekubali kutuongoza alikuwa amepita njia ya mkato akiwa mvulana, nyuma ya ng'ombe wa babake: kaskazini-magharibi hadi Mile 46, kisha kufuata reli ya Magadi kushuka Bonde la Ufa, kisha kuuzunguka Mlima Olorgesailie. Tulipatana malipo kwa siku. Alikuja na punda wawili wa kubeba mitungi ya maji, na kijana mmoja, mtoto wa dadake, aliyemwita mjomba na aliyekuwa na simu yenye ramani. Mzee aliiangalia ile ramani mara moja tu, akacheka.

Kuna watu wanaoweka akiba miaka mingi ili wapande ndege hadi Peru, watembee siku kadhaa milimani nyuma ya mwongozaji, waone magofu ya Wainka. Siwalaumu, Machu Picchu ni kazi ya ajabu. Mwaka ambao dunia ya nje iliambiwa habari zake ni 1911, pale Mmarekani Hiram Bingham alipofikishwa huko na wenyeji, akakuta familia zinalima kwenye matuta yale yale ya kale. Mwaka huo huo huku kwetu Wamaasai walitia saini mkataba wa pili, wakahamishwa kutoka Laikipia kwenda hifadhi ya kusini, yaani Kajiado na Narok za leo. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 kesi ilitupwa. Na mwaka ule ule wa 1911 kampuni ya magadi iliundwa, na reli yake kutoka Konza ikaanza kukatiza nchi hiyo hiyo waliyosukumiwa. Mambo hayo matatu yanakaa pamoja kichwani mwangu kwa sababu tuliyatembea mawili kati yake.

Tulitoka Bisil alfajiri, Julai, baridi ikiuma masikio. Kusini Ol Doinyo Orok ulisimama mweusi juu ya Namanga. Mzee alitembea mwendo usiobadilika, akala za tairi zikipiga ardhi, fimbo mabegani. Kisha akasimama. Mbele yake palikuwa na waya.

Hapa lazima nieleze, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani nchi ya Wamaasai bado ni uwanda ulio wazi. Sheria ya mwaka 1968 ilizipa jamii za wafugaji hati za pamoja, ranchi za vikundi, na Kajiado ikagawanywa kwa ranchi hizo. Kuanzia miaka ya 1980 nyingi zikaanza kupasuliwa, kila mwanachama akipewa kipande chake na hati yake. Aliyepewa aliweza kuuza, na wengi waliuza. Matokeo yake makubwa yanaonekana Kitengela, ambako nyasi zimegeuka ploti za hamsini kwa mia na ghorofa juu yake. Bisil haijafika huko, lakini mabango ya kuuza ardhi yamekwishafika, na kabla ya jengo hutangulia ua.

Tuliufuata ule waya hadi kona, tukapata mwingine. Kwenye lango moja mlinzi kijana, mgeni wa eneo kama mimi, alimpigia mwenye shamba simu Nairobi. Jibu lilikuwa hapana. Mzee hakubishana. Alimuuliza mlinzi kama amekula, akampa nusu chapati, tukageuza punda. Kwenye lango la pili mwanamke mwenye mtoto mgongoni alitufungulia kabla hatujabisha. "Sopa," mzee akasema. "Ipa." Tukapita katikati ya boma lake, tukanywa maziwa ya mgando, na habari zikabadilishwa kwa utaratibu wake: mvua, ng'ombe, watoto, tena ng'ombe. Kipande kile kilikuwa cha mumewe, kwa hati. Alikuwa ameacha pengo kwenye ua wake upande wa pili ili mifugo ya jirani ifike kwenye silanga, yaani bwawa la maji. Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mtu hupumua. Mwaka wa ukame, alisema, na wao watahitaji pengo la mtu mwingine.

Ukame alioutaja kila mtu njiani ni ule ulioishia mwaka 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana mfululizo. Kando ya korongo moja mifupa ya ng'ombe bado ilikuwa imelala, myeupe. Kijana alihesabu mafuvu kimyakimya kisha akaacha. Mjomba wake alieleza namna walivyohama wakati wa ukame wa 2009: ng'ombe walipelekwa mbali kwa miguu, na waliobaki hai walirudi. Safari hii ya mwisho wengi walikwama kwenye nyaya. Sijui mtaalamu atasemaje kuhusu hesabu hiyo. Mzee anaamini ua umeua ng'ombe wake zaidi ya jua.

Kuhusu Mile 46 sina mengi. Ni kituo ambacho wajenzi wa reli walikiachia hesabu ya maili kikawa na jina hilo, maduka yapo, chai ni nzuri, mbwa ni wakali. Usiku tulilala kwa ndugu wa mzee. Treni ya magadi ilipita gizani na mabehewa yake ikielekea Mombasa, kitanda kikatikisika, hakuna mwingine aliyeamka.

Kuanzia hapo safari ikawa nyepesi, kwa sababu reli ndiyo njia pekee ambayo hakuna aliyeiwekea ua. Tuliambaa kando yake. Ardhi ilianza kushuka ngazi kwa ngazi, joto likipanda, mikoba ikizidi uzito. Swala twiga walisimama kwa miguu ya nyuma wakichuna majani ya migunga, na twiga wenyewe walitutazama kwa muda mrefu kuliko tulivyowatazama. Upande wa Kwenia kuna majabali marefu ambako tumbusi wa Rüppell hutaga mayai, koloni kubwa kabisa ya kusini mwa Kenya. Tuliwaona wakizunguka juu sana. Mzee ana heshima nao. Alisema mfugaji akiwekea simba sumu kwenye mzoga, simba huenda akarudi msituni akiwa mzima na tumbusi wakafa mia, halafu mizoga hubaki inaoza na ugonjwa unamrudia yeye mwenyewe.

Uwanda wa Koora ni tambarare na mkavu, na jioni upepo wake ni wa moto. Tulipiga kambi chini ya mgunga. Mbuzi mdogo alikuwa amenunuliwa kwenye boma la mwisho. Supu ikachemshwa na magome ya mti wa olkiloriti mpaka ikawa nyekundu na chungu, dawa ya miguu, kwa maelezo ya kijana ambaye hakuwa na maumivu yoyote. Fisi walilia hadi usiku wa manane. Mlima Olorgesailie ulikuwa mbele yetu, volkeno iliyozimika zamani, yapata mita 1,760. Kilele chake si kirefu, ila umejitenga, kwa hiyo unautazama siku nzima bila kuukaribia.

Tuliuzunguka, na upande wa kaskazini ardhi ikageuka rangi. Udongo mweupe, laini, unaopanda kwenye viatu kama unga: ni masalio ya viumbe vidogo vya ziwa lililokuwa hapa na kukauka. Kando ya ziwa hilo binadamu wa kale waliishi. Waliacha mashoka ya mawe, na mashoka hayo bado yako.

Makumbusho ya Olorgesailie yalifunguliwa mwaka 1947, na wazo lake lilikuwa la busara: mawe yaachwe palipookotwa. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliyaona mwaka 1919. Katika miaka ya 1940 wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimba, wakisaidiwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano. Glynn Isaac akafuata katika miaka ya 1960, na mwaka 1985 Rick Potts wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani alianza kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Unatembea juu ya daraja la mbao, na chini yako yamelala mashoka kwa mamia, yamerundikana hivi kwamba akili inakataa. Tabaka za kale zaidi zina umri wa takriban miaka 1,200,000. Mwaka 2003 likapatikana fuvu lililovunjika la mmoja wa watu hao, la miaka kama 900,000. Vipande hivyo vichache ndivyo pekee vinavyotupa sura ya wenye mawe.

Mzee aliinamia ukingo wa daraja kwa muda. Amechinja maisha yake yote, na alikuwa na maoni. Mashoka makubwa ni ya mnyama mkubwa, alisema, wa ngozi nene; kwa mbuzi yangeharibu nyama. Mhudumu wa makumbusho alituonyesha mifupa ya tembo wa aina iliyotoweka, iliyokutwa pamoja na zana. Mzee akaitikia kwa kichwa kama fundi aliyekubaliana na fundi mwenzake.

Lakini kilichonifanya nikae chini kivulini ni jambo jingine. Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo ya tabaka za juu zaidi, za miaka kama 320,000 iliyopita. Hapo mashoka makubwa yametoweka. Zana ni ndogo, zimechongwa kwa ustadi, na nyingine ni za kioo cheusi cha volkeno ambacho hakipatikani jirani. Kilibebwa kutoka kilomita 25, 50, hata karibu 90. Pamoja nacho kulikuwa na mawe ya kutengenezea rangi nyekundu. Yaani watu wa wakati ule walikuwa na jirani wa mbali, na njia ya kumfikia. Umbali huo mrefu ndio wetu: Bisil hadi hapa, ukijumlisha kona tulizozungushwa.

Peru huifunga Njia ya Inka kila Februari ili ikarabatiwe, na idadi ya wanaoingia kwa siku imewekewa kikomo kisheria. Njia ile ina mwenyewe. Hii yetu haina. Olorgesailie imezungushiwa ulinzi, na ni sawa, ila njia za kuifikia kwa miguu, ambazo ndizo njia za ng'ombe, zinakatwa kipande baada ya kipande na kila aliyekata ana hati halali. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ipo. Wapimaji wa ardhi wapo Kajiado. Serikali ya kaunti ingeweza kuziweka njia za mifugo kwenye ramani za ugawaji kabla ya kipande cha mwisho kutolewa. Mwanamke wa lango la pili ameshafanya sehemu yake bila kuombwa.

Ukitaka kwenda, nenda kati ya Juni na Septemba, beba maji zaidi ya unavyodhani, usiokote jiwe hata moja, kwani ni kosa kisheria. Na mwongozaji mlipe kwa siku, si kwa umbali, maana umbali kutoka Bisil unaongezeka kila ua mpya unapojengwa.