Kisado cha Mjane

Akina mama wenzetu katika Bwana, wilayani kwetu Kongwa, mkoa wa Dodoma, mvua hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mara nyingine hukatika mahindi hayajabeba. Hata hivyo njaa yetu haitokani na ukame peke yake. Wakati wa mavuno malori hujazana katika soko la nafaka la Kibaigwa, bei iko chini, nasi tunauza kwani kuna madeni na sare za watoto. Ifikapo Januari, jembe likiwa mkononi, tunanunua debe kwa bei kubwa kuliko tuliyouzia. Hivyo mkulima hugeuka mteja wa mahindi yake mwenyewe.

Ndiyo sababu sisi akina mama wa kanisani kwetu tulianzisha ghala la pamoja. Baada ya mavuno kila mama huleta debe la mahindi na debe la mtama. Mtama tuliuweka kwa makusudi, kwani hustahimili ukame kuliko mahindi, na mbegu zetu za asili hatuendi kuzitafuta dukani. Chakula hicho hukopeshwa miezi ya kilimo. Anayekopa debe hurudisha debe na kisado kimoja juu yake.

Kutunza nafaka kuna kazi yake. Mahindi yana adui aitwaye dumuzi, ambaye wengine humwita skania. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kati, akaonekana nchini kwanza huko Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Sisi hutumia mifuko yenye nailoni mbili ndani, ikifungwa barabara wadudu hukosa hewa wakafa, bila dawa yoyote. Lakini nafaka lazima iwe kavu. Tunatia punje kidogo na chumvi kavu katika chupa kavu, tunatikisa; chumvi ikinata kwenye chupa, tunarudisha nafaka juani. Hilo hatulifanyii mzaha, kwani mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Lakini ghala letu karibu livunjwe na kisado, wala si dumuzi. Mama mmoja mjane, mwenye kulea wajukuu, alivuna haba sana. Alirudisha debe alilokopa, kisado hakuwa nacho. Wengine wetu tulisema kanuni ni kanuni, kwani akisamehewa mmoja kesho watakuja kumi, na ghala litabaki tupu. Wengine wakafungua Mambo ya Walawi 25, pale Waisraeli walipokatazwa kumpa ndugu maskini chakula kwa kutafuta faida. Ndipo mzee mmoja kati yetu akatukumbusha habari za Yusufu. Sote hupenda kumsifu kwa maghala yake, lakini Mwanzo 47 inaeleza pia kwamba njaa ilipozidi, Wamisri walitoa mifugo, kisha mashamba, mwisho wakajitoa wenyewe wawe watumwa wa Farao. Ghala linaweza kuokoa watu na kuwafunga pia.

Tulikaa kimya kwa muda. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki. Nafaka hupungua kwa vumbi na panya, na mifuko huchakaa; ghala lisilopokea nyongeza hufa. Lakini asiye na kisado ndiye hasa tuliyemfungulia ghala.

Basi tukapatana hivi. Kisado ni cha kufidia upungufu na kununua mifuko, si cha kugawana. Mwenye uwezo atakitoa. Mwenye shida atarudisha debe tu, na ambaye shamba lake limekauka kabisa atangoja mavuno yajayo. Pengo hilo tunaliziba kwa nafaka ya pembeni mwa shamba, ambayo kila mama huitenga anapovuna, kwa mfano wa masazo aliyookota Ruthu katika shamba la Boazi. Mama watatu waliochaguliwa ndio wanaosikiliza shida za watu. Hesabu za madebe husomwa mbele ya wote, ila majina ya waliosamehewa hayasomwi, ili asiwepo mtu atakayeona haya kuja kukopa.

Wapo waliodhani kwamba watu wangetumia nafasi hiyo vibaya. Lakini mavuno yaliyofuata mjane yule alileta debe lake na visado viwili, ingawa hakudaiwa hata kimoja.

Akina mama mnaotaka kuanza kazi kama hii, msingoje mfadhili wala jengo kubwa. Chumba kikavu, debe la kupimia na daftari vyatosha kwa kuanzia. Lakini kabla ya kupokea debe la kwanza, kaeni pamoja muandike mtamfanyia nini yule atakayeshindwa kulipa. Njaa ikishaingia kijijini, ni vigumu kulizungumza jambo hilo kwa upendo.